Mvua Ingalinyesha: Sharti Lisilotimia la Wakati Uliopita katika Kiingereza

Miongoni mwa sentensi za Kiingereza zinazofundishwa katika shule za sekondari za Handeni na Korogwe, ni chache zinazowasumbua wanafunzi kama zile zinazozungumzia jambo ambalo halikutokea pamoja na matokeo ambayo, kwa sababu hiyo, nayo hayakutokea. Vitabu vya shule huziita sentensi za masharti za aina ya tatu, jina linalomwonyesha mwanafunzi nafasi ya sentensi hizo katika orodha bila kumweleza zinafanya kazi gani; katika sura hii zitaitwa sentensi za sharti lisilotimia la wakati uliopita, kwa kuwa jina hilo, ingawa ni refu, linabeba mambo yote matatu yanayohusika, yaani kwamba kuna sharti, kwamba sharti hilo halikutimia, na kwamba muda wa kulitimiza umekwisha kupita.

Wazo lenyewe si geni hata kidogo kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Anayesema "ningalijua nisingalikwenda" ameshajenga, kwa maneno mawili tu, sentensi ambayo Kiingereza kinahitaji maneno tisa kuijenga, na wahenga waliosema kwamba majuto ni mjukuu walikuwa wakilizungumzia wazo hilohilo. Kwa sababu hiyo, mwalimu anayetumia kipindi kizima kueleza maana ya jambo lisilotokea anawaeleza wanafunzi kitu wanachokijua tangu utotoni, huku akiacha kueleza kile wasichokijua. Ugumu uko mahali pengine: Kiswahili hutia alama ileile katika pande zote mbili za sentensi, ilhali Kiingereza hutia alama mbili tofauti, moja kwa kila upande; na juu ya hilo, Kiswahili cha kila siku kimeanza kuiacha alama ya -ngali- ambayo ndiyo ingalimsaidia mwanafunzi kuvuka.

Mfano wa kuchunguza upo katika historia ya Uzigua yenyewe, nchi ambayo sehemu kubwa yake leo imo katika wilaya za Handeni na Kilindi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na hasa katika miaka ya 1830, ukame na njaa kali viliwasukuma Wazigua wengi kuelekea pwani, ambako wengine walijiweka mikononi mwa wafanyabiashara ili wapate chakula, na wengine wakapandishwa majahazini kwa ahadi ya kazi, wakajikuta wameuzwa utumwani katika pwani ya Somalia. Masimulizi ya vizazi vyao yanamtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha kuwa ndiye aliyewaongoza waliotoroka mashambani, na wengi wakafanya makazi katika bonde la mto Juba, wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya karne moja na nusu wakiwa mbali na nchi yao. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi yao walirudi Tanzania na kupokewa wilayani Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo, ambako wengi walipata uraia. Wengine waliishia katika kambi za Kenya, na mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwapokea takribani watu 12,000 wa jamii za Wabantu wa Somalia, miongoni mwao Wazigua, ambao walianza kuwasili huko mwaka 2003.

Mtu anayeitafakari historia hiyo hawezi kuepuka kuuliza ingalikuwaje, na swali hilo kwa Kiingereza huzaa sentensi kama hii: "If the rains had come, they would not have left Uzigua." Kwa Kiswahili ni "mvua ingalinyesha, wasingaliondoka Uzigua." Kabla ya kugusa kitenzi hata kimoja, inafaa kuuliza sentensi hiyo inadai nini kuhusu mambo yaliyotokea kweli, na jibu ni kwamba inadai kinyume cha kila kinachosemwa ndani yake: upande wa kwanza ni wa kuyakinisha, kwa hiyo mvua haikunyesha, upande wa pili ni wa kukanusha, kwa hiyo waliondoka. Mwanafunzi aliyezoea kufanya ugeuzaji huo, akiipokea kila sentensi ya namna hii na kuandika pembeni mambo mawili yaliyotokea kweli, hupata kipimo cha kujisahihisha mwenyewe, kwa kuwa sentensi isiyoweza kugeuzwa hivyo ama haina maana ama imejengwa vibaya.

Upande ulioanza na "if" huitwa kishazi cha sharti, kishazi kikiwa ni sehemu ya sentensi yenye kitenzi chake, na upande wa pili huitwa kishazi cha matokeo. Katika kishazi cha sharti kuna "had come", ambapo "had" ni kitenzi kisaidizi, maana yake kitenzi kinachobeba wakati na hali badala ya kitendo, na "come" ni umbo la tatu la kitenzi, lile ambalo wanafunzi hulikariri katika safu ya mwisho ya jedwali la "go, went, gone". Hapa "had" haina uhusiano wowote na kumiliki kitu, na ndiyo maana sentensi kama "if he had had money", yaani "angalikuwa na fedha", yenye "had" mbili zinazofuatana, ni sahihi kabisa: ya kwanza ni kisaidizi, ya pili ndiyo yenye maana ya kuwa na kitu. Wanafunzi wengi hufuta mojawapo wakidhani mkono umeteleza.

Umbo hilo la "had" pamoja na umbo la tatu kwa kawaida huonyesha jambo lililotangulia jambo jingine lililopita, kama katika maelezo kwamba gari lilikuwa limeshaondoka Mkata abiria alipofika. Swali ambalo mwanafunzi makini huuliza, na ambalo mara nyingi hajibiwi, ni kwa nini umbo la wakati litumike kuonyesha kwamba jambo halikutokea. Jibu ni kwamba Kiingereza hakina kiambishi maalumu cha jambo lisilo kweli kama -nge- na -ngali- za Kiswahili, kwa hiyo kimeazima wakati na kuufanyia kazi nyingine. Kinapotaka kusema kwamba jambo la sasa si kweli, hulirudisha nyuma hatua moja, na jambo la leo likavaa vazi la jana: "if it rained" ina maana ya "ingenyesha", si "iliponyesha". Kinapotaka kusema kwamba jambo la jana halikuwa kweli, hulirudisha hatua moja zaidi, mpaka nyuma ya jana, na hapo ndipo "had" inapohitajika. Mwanaisimu wa Denmark Otto Jespersen (1860–1943) aliyaeleza matumizi hayo ya wakati uliopita kuwa ni ya kuwaza, si ya kusimulia, na tofauti hiyo inafaa kuwekwa ubaoni kabla ya kanuni yoyote, kwa kuwa umbali ambao kwa kawaida ni wa muda unageuka kuwa umbali kutoka kwenye uhalisi.

Kishazi cha matokeo kina "would not have left", na hapa pana vitu vitatu vinavyokwenda kwa mpangilio usiobadilika: "would", kisha "have", kisha umbo la tatu. Kosa linaloonekana sana katika daftari za wanafunzi ni "he would has left", na chanzo chake kinaeleweka, kwani mwanafunzi amefundishwa tangu shule ya msingi kwamba "he" na "she" hufuatwa na "has", naye anaitii kanuni hiyo mahali ambapo haina mamlaka. Kitenzi kinachofuata "would" hubaki uchi, bila alama ya nafsi wala ya wakati, kwa sababu "would" imekwisha kuibeba kazi hiyo. Kosa la pili ni "had went" au "would have took", nalo si kosa la masharti hata kidogo, bali ni la kutokujua umbo la tatu. Mwalimu anayelisahihisha kwa kurudia somo la masharti anapoteza muda wake na wa mwanafunzi.

Kosa la tatu ndilo kubwa, na ndilo linaloirudisha hoja kwenye Kiswahili. Mwanafunzi huandika "If the rains would have come, they would not have left", akiweka "would have" pande zote mbili, na mwalimu huizungushia duara la wino mwekundu ile "would" ya kwanza bila maelezo. Lakini ukitazama "mvua ingalinyesha, wasingaliondoka", utaona kwamba mwanafunzi hakubahatisha. Lugha yake imemfundisha kwamba sharti na matokeo huvaa sare moja, naye amekwisha kujifunza kwamba "would have" ndiyo -ngali-, basi ameivalisha kote. Kinachotakiwa kuelezwa ni kwamba -ngali- moja ya Kiswahili ina sura mbili katika Kiingereza: ikiwa katika upande wa sharti ni "had", na ikiwa katika upande wa matokeo ni "would have". Mwanafunzi akishaambiwa hivyo mara moja kwa uwazi, akapewa sentensi kumi za Kiswahili zenye -ngali- mbilimbili ili aamue kila -ngali- iko upande gani, kosa hilo hupungua haraka kuliko kwa kukariri kanuni ya Kiingereza peke yake.

Wala mwanafunzi hapaswi kuaibishwa, kwa sababu hata Kiingereza chenyewe kiliwahi kuwa na sare moja. Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, kilitumia umbo moja la kitenzi katika vishazi vyote viwili, tena umbo hilohilo kwa jambo lisilo kweli la sasa na la zamani. Tofauti zilizopo leo zilikua polepole katika karne zilizofuata. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Martha anapomwambia Yesu kuhusu kifo cha ndugu yake Lazaro, katika sura ya 11 ya Injili ya Yohana, "had" inatumika katika sharti na katika matokeo vilevile, na anayeifungua Biblia ya Kiswahili ya Union Version mahali hapohapo atakuta -ngali- pande zote mbili, ulinganifu ambao Kiingereza cha leo hakinao tena. Hata sasa, nchini Marekani hasa, husikika wazungumzaji wa asili wakisema "if I would have known" katika mazungumzo; ila katika maandishi rasmi na katika mtihani umbo hilo halikubaliki, na mtahiniwa afahamu hivyo.

Jambo linalostahili kuwatia wasiwasi walimu wa lugha zote mbili ni hali ya -ngali- yenyewe. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, misheni iliyokuwa na vituo Magila na Korogwe, alitoa mwaka 1870 kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja, na ndani yake alitenganisha -nge- ya wakati uliopo na -ngali- ya wakati uliopita. Vitabu vya sarufi vilivyofuata viliishika tofauti hiyo. Mazungumzo ya watu, hata hivyo, yamekwenda njia nyingine: katika stendi ya Korogwe, kama ilivyo Dar es Salaam, abiria aliyekosa basi jana na abiria anayetamani kuwa na nauli leo wote hutumia -nge-, na msikilizaji hutambua wakati kwa muktadha. Wengine husema -ngeli-, umbo linalosikika sana Zanzibar na kuandikwa na waandishi wazuri. Hakuna sababu ya kumlaumu anayesema hivyo, maana lugha iko mikononi mwa wenyewe. Hasara inajitokeza anapotafsiri. Sentensi "ningejua ningekuja" inaweza kuwa "if I knew, I would come", ambayo bado ina mlango wazi, au "if I had known, I would have come", ambayo mlango wake umefungwa, na mwanafunzi asiyetofautisha katika lugha yake ya kwanza huchagua ile fupi. Dawa yake ni kumtaka, kabla hajaandika neno la Kiingereza, aiandike sentensi yake kwa Kiswahili sanifu na kuamua kama ni -nge- au ni -ngali-. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza katika shule moja wakikubaliana juu ya jambo hili dogo, kila mmoja atamfanyia mwenzake nusu ya kazi.

Kwa kupita tu, inafaa kukumbusha kwamba -ngali- hiyo ina ndugu anayefanana nayo, yule wa "bado": "mzee angali hai" ni habari njema, nayo kwa Kiingereza ni "he is still alive", wakati "mzee angalikuwa hai" ni maombolezo, nayo ni "he would have been alive". Silabi mbili ndizo zinazotenganisha habari hizo mbili.

Matukio ya zamani mara nyingi huacha alama katika wakati wa sasa, na hapo Kiingereza huchanganya nyakati ndani ya sentensi moja, jambo ambalo wanafunzi huliogopa bila sababu kwa kuwa Kiswahili hulifanya kwa wepesi uleule. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu, navyo vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na mimea hiyo michache ndipo yalipoenea mashamba ya mkonge ya Tanga nzima, yakiwamo ya Korogwe, ambako reli iliyotoka Tanga ilifika mwaka 1902 na kuchukua singa za mkonge hadi bandarini. Anayesimama leo Ngombezi akitazama mistari ya mkonge iliyonyooka hadi chini ya milima ya Usambara anaweza kusema: "If those sixty-two plants had died, these plains would look different today." Kishazi cha sharti kiko zamani, ndiyo maana kina "had died", kishazi cha matokeo kiko leo, ndiyo maana kina "would look" na si "would have looked". Kwa Kiswahili ni "mimea ile 62 ingalikufa, tambarare hizi zingekuwa na sura nyingine leo", -ngali- ikiwa upande mmoja na -nge- upande wa pili, na hapo ulinganifu wa lugha hizo mbili unakuwa wa kupendeza. Neno "today", au "leo", ndilo linaloamua. Mchanganyiko wa kinyume pia upo, wenye sharti la kudumu na tokeo la zamani, kama "if Handeni were less dry, the famine would not have been so terrible", lakini hutumika mara chache zaidi.

Mwandishi wa historia, ambaye hawezi kuwa na hakika juu ya mambo ambayo hayakutokea, atahitaji pia maneno mawili yanayokaa mahali pa "would". La kwanza ni "might", lenye maana ya huenda: "another planter might have brought sisal later", huenda mlowezi mwingine angaliuleta mkonge baadaye. La pili ni "could", lenye maana ya uwezo au nafasi iliyokuwapo bila kutumika. Tofauti ya maneno hayo ni tofauti ya dai. "Would have" ni dai zito, na mwanafunzi anayelitumia kila mahali anadai kujua zaidi ya anavyojua.

Katika maandishi rasmi "if" inaweza kuondolewa, na "had" ikatangulia mtenda: "Had the rains come, they would not have left." Umbo hili hupendwa katika maswali ya mtihani yanayomtaka mtahiniwa aiandike upya sentensi kwa neno alilopewa, na halina siri nyingine zaidi ya kubadilishana nafasi, Kiswahili hakihitaji hila hiyo kwa kuwa "kama" na "lau" ni za hiari tangu mwanzo, -ngali- ikiwa inatosha peke yake. Katika matamshi, "had" na "would" zote hufupishwa na kuwa sauti moja ya d, kwa hiyo "I'd" hutegemea kinachofuata: ikifuatwa na umbo la tatu ni "had", ikifuatwa na "have" ni "would".

Lipo jambo moja la mwisho ambalo jedwali la sarufi halilionyeshi, nalo linahusu kishazi kinachobaki peke yake. Shangazi anayefika msibani Kideleko siku ya tatu, akakuta marehemu amekwisha kuzikwa, huwaambia watoto wa kaka yake "jamani, mngaliniita", kisha akanyamaza, na neno hilo moja ni lawama, ni upendo na ni majonzi. Mwanafunzi akilitafsiri kama lilivyo atapata "you would have called me", nayo kwa Kiingereza haina lawama wala majonzi; msikilizaji atasubiri kishazi cha sharti ambacho hakiji, akijiuliza wangalimwita kama nini kingalitokea. Lawama ya upole huenda kwenye "you should have called me", ambayo ni kali kidogo kuliko maneno ya shangazi, au "you could have called me", ambayo inakumbusha kwamba nafasi ilikuwapo. Lakini kilicho karibu zaidi na moyo wake ni "if only you had called me", yaani kishazi cha sharti kilichoachwa bila matokeo. "If only" hiyo ndiyo "laiti" ya Kiswahili, neno lililotoka katika Kiarabu kama lilivyotoka "lau". Pamoja nayo "would have" huondoka kabisa, ikabaki "had" na umbo la tatu, na matokeo yote, makubwa kwa madogo, yakaachwa kwa msikilizaji ayajaze mwenyewe: "If only the rains had come." Laiti mvua ingalinyesha.